Shangazi, mbona posho ya mwanangu inapanda na kushuka?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni baba wa watoto watatu, mzaliwa wa Fizi, Kivu ya Kusini. Nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na Oktoba 2019 tukaletwa hapa Louisville, Kentucky, kama wakimbizi: mimi, mke wangu, watoto na mama yangu mzazi. Mtoto wetu wa kwanza ana miaka 12. Alizaliwa na mtindio wa ubongo, hatembei, yuko kwenye kitimwendo, na maneno yake tunayaelewa sisi wa nyumbani tu. Mama ana miaka 63. Mwaka 2021 alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea na kumbukumbu ikaenda nao. Wote wawili wanapata SSI, ile posho ya serikali ya Marekani kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo. Mama ananipa sehemu yake ya pango kila mwezi, hilo tulielekezwa mapema.

Shida yangu ni hesabu. Zamani ya mtoto ilikuwa dola 967 kila mwezi, haibadiliki. Septemba mwaka jana mke wangu akaanza kazi ya kufua mashuka ya hoteli. Sote tunalipwa Ijumaa: mimi dola 700 kwa wiki kabla ya makato, yeye 400. Tangu hapo pesa ya mtoto imekuwa kama bei ya nyanya sokoni. Tarehe 27 Februari ziliingia 294.50. Machi yote kimya, hata ya mama haikuonekana. Tarehe 1 Aprili zikaja 844.50, na ya mama 994. Nani anachezea pesa za mtoto?

Mwishoni mwa Machi ikaja barua: eti mtoto alilipwa zaidi Novemba na Desemba, tunadaiwa dola 959. Shangazi, hatukuficha kitu. Hatukujua tu kwamba kazi ya mama yake inamhusu yeye; walikuja kugundua Desemba walipotuita kupitia upya faili. Kuna mzee mmoja anajazia watu fomu kwa dola 200. Ametuambia tusijibu, deni litakufa lenyewe.

Halafu kuna ndugu tunasali naye, aliumia mgongo kwenye kiwanda cha nyama. Anapata 1,460 kila mwezi, mke wake anafanya kazi usiku na mchana na hawamkati hata senti. Yeye anatembea, mwanangu hatembei. Haki iko wapi?

Mwisho, Juni ni zamu ya mke wangu kwenye likelemba, mchango wetu wa kupokezana, dola 6,000. Tunataka gari linaloweza kuingiza kitimwendo. Tuziweke benki? Na mama anataka kwenda Nyarugusu miezi miwili kumwona dada yake ambaye hali yake si nzuri. Nimruhusu?

Baba wa watatu, Louisville

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniandikia habari za senti, nami nimeisoma barua yako mara tatu huku macho yakirudi kwenye maneno mawili uliyoyapita mbio: Oktoba 2019. Tutafika huko, na tukifika nataka ukae chini. Kwanza nikuondolee wazo la mwizi.

Chukua kalenda ya ukutani uhesabu Ijumaa za Januari mwaka huu. Ni tano: tarehe 2, 9, 16, 23 na 30. Februari zilikuwa nne, Machi nne. Basi hapo umekwisha kumpata mchezaji wa pesa za mtoto. SSI ya mtoto aliye chini ya miaka 18 hutazama mshahara wa wazazi anaoishi nao, na hutazama wa miezi miwili nyuma. Pesa ya Machi ilipimwa kwa mishahara ya Januari, ya Aprili kwa mishahara ya Februari.

Hesabu yenyewe inakwenda hivi, na naiandika yote kwa sababu nimetafsiria watu wengi kwenye madirisha ya ofisi hizo na sijaona hata mmoja aliyeelezwa hesabu hii. Mwezi wa Ijumaa nne ninyi wawili mnapata dola 4,400. Ni kabla ya makato, siyo zile zinazoingia benki. Hapo wengi hujikwaa. Kwa kila mtoto mwingine asiye na SSI wanaondoa 497, na ninyi mnao wawili, kwa hiyo 994. Zinabaki 3,406. Wanaondoa 20, kisha 65, zinabaki 3,321. Zilizobaki wanazigawa nusu: 1,660.50. Hapo wanawatengea wazazi wawili 1,491 za kuishi, zinabaki 169.50. Hizo ndizo zinazohesabiwa kuwa ni za mtoto. Wanamsamehe 20 nyingine, zinabaki 149.50. Kiwango kamili cha SSI kwa mtu mmoja mwaka huu wa 2026 ni 994. Toa 149.50, unapata 844.50. Ndizo zilizokuja Aprili, mpaka senti.

Januari, kwa Ijumaa ile ya tano, mlipata 5,500. Pita njia ileile na utaangukia 294.50. Kwa hiyo mliongeza 1,100 kazini, mtoto akapungukiwa 550. Nakwambia hivi kwa sababu najua kinachofuata nyumbani: mtu atasema bora mkeo aache kazi. Asiache. Katika hali yenu kila dola mbili mnazoongeza zinampunguzia mtoto moja, na moja inabaki mezani. Tena mtu anayepata SSI Kentucky anapata na Medicaid, bima ya afya ya serikali, hata kama posho yenyewe ni ndogo, na dawa na kitimwendo cha mtoto vinategemea hiyo kuliko hizo dola.

Mei nayo ina Ijumaa tano. Mishahara ikibaki ilivyo, Julai zitakuja 294.50 tena. Julai pia ina tano, kwa hiyo Septemba vilevile. Wekeni akiba ndogo ya miezi hiyo.

Na ule ukimya wa Machi? SSI hulipwa tarehe 1. Tarehe 1 ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, wanalipa siku ya kazi iliyotangulia. Tarehe 1 Machi ilikuwa Jumapili, kwa hiyo ya Machi ndiyo ile iliyoingia Ijumaa tarehe 27 Februari, ya mtoto na ya mama. Mtakutana nayo tena: tarehe 1 Agosti ni Jumamosi, ya Agosti itaingia tarehe 31 Julai. Watu hupokea mbili ndani ya mwezi mmoja, wakafurahi, wakanunua televisheni, mwezi unaofuata wanalia na mwenye nyumba.

Deni sasa. Nimelipitia kwa viwango vya mwaka jana, na nasikitika kukwambia kwamba ni sahihi. Novemba mtoto alistahili 762.50, Desemba 212.50 (kwa ajili ya Oktoba, nayo ilikuwa na Ijumaa tano), naye alipewa 967 miezi yote miwili. Tofauti ni 204.50 na 754.50. Jumla 959. Kwa hiyo sikushauri ukate rufaa kupinga kiasi. Rufaa, ambayo muda wake ni siku 60 tangu upokee barua, ni ya mtu anayesema hesabu imekosewa.

Mlango wenu ni mwingine: ombi la kusamehewa deni, Fomu SSA-632. Halina tarehe ya mwisho, lakini ukilipeleka ndani ya siku 30 hawaanzi kukata mpaka watoe uamuzi, na ninapoandika haya siku hizo hazijaisha. Unatakiwa kuonyesha mambo mawili. La kwanza, kosa halikuwa lenu. Na katika kulipima hilo wanatakiwa kuzingatia lugha na elimu ya mtu, kwa hiyo eleza wazi kwamba hamkujua mshahara wa mkeo unahesabiwa na kwamba barua zilikuja kwa Kiingereza. La pili, kulipa kutawaumiza: pango, umeme, chakula, nepi za mtoto, andika zote. Wakikataa, kwa SSI kwa kawaida hukata asilimia 10 kidogokidogo, na hata hiyo unaweza kuomba ipunguzwe. Sitakuahidi kwamba watasamehe. Walisharipoti wenzenu wengi kwa wakati, na ofisi inajua.

Yule mzee wa dola 200, mwambie ahsante na mlango huo pale. Deni la Social Security, ofisi inayolipa posho hizi, halifi kwa kunyamaziwa. Hulifuata jina la mtu hata kwenye marejesho ya kodi. Na kwa taarifa yako, mkalimani wa Kiswahili ni bure pale ofisini na kwenye simu yao, 1-800-772-1213. Simu ikipokelewa sema tu "Swahili" na ungoje, wakati mwingine sana. Usimpeleke mtoto wa shule akatafsiri mambo ya madeni ya wazazi wake. Nimeyaona hayo, na mtoto hutoka pale amezeeka.

Kuanzia sasa, mshahara wa kila mwezi uripotiwe kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata haijapita, hata kama haukubadilika sana. Slipu za mshahara ziwekwe kwenye boksi moja, la viatu linatosha.

Ndugu wa kanisani. Mwanangu, yeye hapati SSI. Anapata SSDI, na kufanana kwa majina ndiko kunakogombanisha watu. SSDI ni bima. Kila wiki aliyofanya kazi kiwandani alikatwa kodi ya Social Security, akajijengea alama za kazi, zisizozidi nne kwa mwaka; mtu mzima kwa kawaida anahitaji 40, na 20 kati yake ziwe za miaka kumi ya mwisho kabla ya kuumia (vijana huhitaji chache). Alipoumia alirudishiwa kulingana na mishahara aliyowahi kuipata. Ndiyo maana hawaulizi mke wake anapata nini, wala ana akiba kiasi gani. Lakini muulize alikaa miezi mitano mizima bila kulipwa kitu, na bima ya afya ya Medicare alisubiri miezi 24 baada ya hapo. SSI haimuulizi mtu alifanya kazi wapi. Inamuuliza ana nini mfukoni. Mtoto wa miaka 12 hakuweza kufanya kazi, kwa hiyo hiyo ndiyo inayomfaa. Ulemavu wa mwanao na maumivu ya ndugu yako havikuwekwa kwenye mizani moja, na kulinganisha kutawaharibia sala bure.

Likelemba (upatu, kwa wasomaji wangu wa Tanzania) naijibu kwa tahadhari, kwa sababu hapa ndipo familia zetu huumia bila kujua. SSI ina kikomo cha mali: dola 2,000 kwa mtu mmoja, kiasi ambacho hakijapandishwa tangu 1989. Kwa mtoto anayeishi na wazazi wawili, wazazi wanaruhusiwa 3,000 zao. Kinachozidi hapo kinamwagiwa mtoto kwenye 2,000 zake. Kipimo huchukuliwa mwanzo wa mwezi. Pesa zikilala benki usiku wa kuamkia tarehe 1 zikiwa zimezidi, mwezi huo mtoto hana haki ya kulipwa, hata kama tarehe 2 mmezitoa zote. Nyumba mnayoishi haihesabiwi, na gari moja la familia halihesabiwi, liwe la bei yoyote.

Basi jibu ni kwamba gari litafutwe mapema, mkubaliane bei, na zamu ikifika mwanzoni mwa Juni lilipwe ndani ya Juni hiyohiyo. La zamani liuzwe au likatwe kwenye bei, maana la pili linahesabiwa. Wekeni risiti ya gari, na karatasi inayoonyesha likelemba ni nini, nani alichanga, na kwamba mke wako anarudishiwa alichochanga. Msifiche, wala msiziweke kwenye akaunti ya shemeji. Akaunti ya shemeji ina historia ndefu katika jamii yetu, na siyo nzuri. Kama mnataka kumwekea mtoto akiba ya muda mrefu, ulizeni akaunti ya ABLE, ambayo ni ya akiba ya watu wenye ulemavu. Humo pesa zake hazihesabiwi mpaka zipite 100,000.

Mama na Nyarugusu: siku 30 mfululizo nje ya Marekani, SSI inasimama, na akirudi lazima akae siku 30 mfululizo ndipo ianze tena. Aende wiki tatu. Najua wiki tatu kwa dada anayekufa ni kama kunusa chakula. Lakini mwaka huu kuna sababu nyingine ya kumtaka awe nyumbani, nayo ni ile Oktoba.

Haya, kaa chini.

Mkimbizi ambaye hajawa raia wa Marekani hupewa SSI kwa miaka saba tu tangu alipopewa hadhi hiyo. Mliingia Oktoba 2019. Miaka saba ya mama inaisha Oktoba 2026, na siyo ya mama peke yake. Ya mwanao inaisha siku hiyohiyo. Grinkadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, haiongezi muda huo. Hukuniuliza, nami naona hukuambiwa, au uliambiwa uwanja wa ndege ukiwa na usingizi wa siku mbili na mtoto mgongoni.

Dawa ni uraia, na njia za hawa wawili hazifanani. Ya mtoto inapitia kwako. Grinkadi ya mkimbizi huhesabiwa kuanzia siku aliyoingia nchini, kwa hiyo wewe ulikuwa na haki ya kuomba tangu 2024. Siku utakapoapishwa, wewe au mama yake, mtoto aliye chini ya miaka 18 mwenye grinkadi na anayeishi chini ya uangalizi wako anakuwa raia papo hapo kwa sheria, bila mtihani, bila kiapo. Mnamchukulia pasipoti, mnaipeleka Social Security, habari ya miaka saba inaisha. Jaza Fomu N-400, ya kuomba uraia, wiki hii. Mtihani wa uraia wa sasa una maswali 128 ya kujifunza. Utaulizwa hadi 20 na unatakiwa kupata 12. Unaendesha mashine ya kupakia mizigo au chochote unachokifanya kwa dola 700 kwa wiki katika lugha ya watu. Hayo 12 utayapata. Sikiliza maswali kwenye simu ukienda kazini.

Ya mama ni ngumu zaidi, kwa sababu uraia wako haumfikii. Lazima aombe mwenyewe. Kuna Fomu N-648, inayomwondolea mtu mtihani wa Kiingereza na wa uraia kwa sababu ya ugonjwa wa mwili au akili. Hujazwa na daktari au mwanasaikolojia wa tiba mwenye leseni, na nyingi hukataliwa kwa kuwa daktari ameandika mistari miwili. "Ni mzee, hajui kusoma" haikubaliki. Kutojua kusoma si ugonjwa. Daktari aeleze kiharusi kiliharibu nini, na uharibifu huo unamzuiaje kujifunza na kukumbuka vitu vipya. Kumbukumbu iliyoondoka ndiyo kiini cha ombi lake. Kwa kuwa anapokea SSI, omba pia asamehewe ada kwa Fomu I-912. Ombi la mama msilifanye peke yenu: nendeni ofisi ya msaada wa kisheria wa bure, au shirika lililowapokea, muulize nani anashughulika na N-648.

Huenda mama asiapishwe kabla ya Oktoba. Posho ikisimama kwa sababu hiyo, akishakuwa raia anaweza kurudishiwa. Ikiwa ndani ya miezi 12 tangu isimame, kwa kawaida hana haja ya kuanza ombi upya. Pangeni bajeti kana kwamba Novemba hakutakuwa na ile 994 yake, pamoja na sehemu yake ya pango.

Nipigie hesabu nyingine ukipata jibu la deni. Na kabla ya hayo yote, muulize mama jina la daktari aliyemtibu kiharusi mwaka 2021. Kama halikumbuki, mwambie daktari wa sasa aandike na hilo pia.

Shangazi